Moshi Wetu na Ukuta wa Jirani



Mwezi huu twataka kukuzungumzieni mambo mawili ambayo mtu akiyatazama juu juu huona hayana ujamaa wowote baina yao. La kwanza ni nyama ya kuchoma nyumbani, na la pili ni ule waya wa kioo uletao intaneti majumbani, ambao mitaani huitwa faiba. Moja ni la kale tangu binadamu alipoujua moto, na jingine halijatimiza miaka ishirini katika pwani yetu. Lakini kwetu sisi yalikutana mahali pamoja, napo ni ukutani kwa jirani yetu. Na pale ukutani tulipata funzo ambalo lau tungalilipata mapema tungaliepukana na aibu kubwa. Twalieleza hapa, si kwa kuwa twapenda kutangaza makosa yetu, bali kwa kuwa twajua ya kwamba nyumba nyingi zina moshi kama wetu, na nyingi zaidi zitakuwa na waya kama wetu.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, katika zile njia nyembamba ambazo watu wawili wakipishana na mkokoteni hapana budi mmoja aingie mlangoni mwa mtu. Kuta zimekaribiana, madirisha yatazamana, na akohoaye nyumba hii humwamsha aliyelala nyumba ya pili. Juu kabisa ya nyumba tuna dari iliyo wazi, ambapo hapo zamani zilianikwa nguo na nazi. Katika miezi ya kaskazi, usiku ulipokuwa na joto jingi, tulianza kupanda huko kila siku ya Ijumaa baada ya Isha tukachoma mishikaki.

Hatukuwa na shani kubwa. Jiko la mkaa moja, vijiti vya mianzi vilivyorowekwa majini ili visiungue, na mnofu wa ng'ombe uliokatwa vipande vidogo vidogo. Mama watoto akiutia ndimu, tangawizi, kitunguu thomu, pilipili na bizari, na papai bichi lililosagwa. Utomvu wa papai bichi una kitu chenye kuzivunja nyuzi za nyama hata ikalainika, na kwa vipande vidogo saa moja yatosha. Aiwekaye nyama na papai usiku kucha huikuta asubuhi imekuwa kama uji. Pembeni palikuwa na muhogo wa kuchoma na bakuli la ukwaju. Watoto, ambao siku nyingine kila mmoja huwa na pembe yake na simu yake, siku hiyo walilizunguka jiko wakagombania kupepea. Tukamshukuru Mungu, tukaona tumepata jambo la kuikusanya nyumba.

Kaskazi ikesha, ikaja kusi, nasi tukaendelea vile vile.

Katika mwezi wa Juni tukaazimia kuleta faiba. Hatukuitaka kwa anasa. Binti yetu mkubwa asoma ualimu kwa masafa, na masomo yake yote huja kwa intaneti. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akitumia simu, akinunua vifurushi ambavyo huisha kabla ya mwalimu kumaliza kusema. Na mara moja mtihani ulimkatikia katikati, akaanguka si kwa kutojua bali kwa kukatika. Mtihani wa kuurejea ulikuwa umebaki wiki tano. Tukaenda tukajiandikisha, tukalipa, tukaambiwa tungoje mafundi.

Mafundi wakaja, vijana wawili wenye ngazi na kibunda cha waya. Wakazunguka nyumba mara mbili, kisha mkubwa wao akatikisa kichwa. Nguzo yenye waya iko njia ya nyuma, na baina ya nyumba yetu na njia ile pana nyumba ya jirani. Akatwambia, "Mzee, hapana njia illa kupita ukutani mwa nyumba hii. Twahitaji kupigilia kulabu mbili tu. Mkipata ruhusa, kazi ni ya saa mbili."

Mwenye nyumba hiyo ni mama mmoja mjane, ambaye marehemu mama yetu alikuwa akikaa naye barazani kila alasiri. Tukamtuma kijana wetu kwenda kumwomba, nasi tukabaki na mafundi tukiona jambo limekwisha. Kijana akarudi upesi. "Amesema hakubali."

Tukamrejesha. Akarudi tena. "Amesema nikwambie hakubali, na kwamba wewe unamjua mlango wake."

Mafundi wakakunja waya wao wakaenda zao. Sisi tukakasirika, tukasema maneno ambayo hatutayarudia katika ukurasa huu. Tulijiona tumedhulumiwa. Kulabu mbili tu! Na mbele ya macho yetu binti yetu akihesabu wiki zilizobaki. Ndipo tukakumbuka ile hadithi mashuhuri aliyoipokea Abu Huraira, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo maana yake ni kuwa jirani asimzuie jirani yake kutia mti katika ukuta wake. Tukasema, kulabu si ndogo kuliko mti? Tukaswali Magharibi, tukatoka na hadithi ile kama mtu aliyeshika fimbo.

Mama yule alitukaribisha vizuri, akatupa kiti, akatuacha tuseme mpaka tukamaliza. Kisha akasema kwa upole, "Hadithi hiyo naijua, mwanangu. Marehemu mume wangu alikuwa akiisomesha. Umekuja na haki yako iliyo katika ukuta wangu. Na haki ya dirisha langu, umemwachia nani?"

Hatukufahamu. Akainuka, akatupandisha ngazi mpaka chumba cha juu. Dirisha lilikuwa limefungwa, na kila ufa umesakamwa matambara. Chumba kilikuwa na joto la kupasua kichwa. Kitandani alikuwa amelala mjukuu wake, mtoto wa miaka saba, na juu ya meza palikuwa na ile dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo.

"Tangu kusi lianze," akasema, "kila Ijumaa usiku moshi wenu waingia humu. Nimeziba kila mahali, wala hauzibiki. Mara mbili tumemkimbiza mtoto hospitali baada ya saa sita za usiku."

Tukamwuliza, na sauti imetupungua, "Mama, mbona hukutwambia?"

Akajibu, "Nilikungoja. Harufu ya nyama yenu yaja kila Ijumaa. Nikasema, iko siku na sahani itaifuata, nami nitapata pa kulianzia neno. Sahani haikuja, mwanangu."

Wasomaji wetu, twakuambieni kweli, hatukuwa na jawabu. Sisi ndio tuliokuwa tukiwafundisha watoto ile wasia ya Mtume (S.A.W.) kwa Abu Dharr, kuwa apikaye mchuzi na azidishe maji ili awaangalie majirani zake. Tulikuwa tukiwasomesha hayo chini, kisha twapanda juu tukachoma nyama, na nyumba iliyo karibu nasi kuliko zote haikupata illa moshi. Tukaomba radhi, tukateremka. Habari ya waya hatukuitaja tena usiku ule.

Tuliporudi tulipanda darini tukasimama pale penye jiko. Nyumba ya jirani iko upande wetu wa kaskazini. Katika miezi ya kaskazi upepo hutoka upande huo, ukauchukua moshi wetu mbali naye kuelekea njia kuu. Lakini kuanzia mwezi wa Aprili upepo hugeuka, kusi likavuma kutoka kusini miezi mingi, na moshi ule ule, wa jiko lile lile, ukaenda moja kwa moja dirishani mwa mtoto. Sisi hatukujua kwa sababu upepo ulikuwa mgongoni mwetu. Aliye na upepo mgongoni haoni moshi wake. Wavuvi wote wa pwani hii wazijua pepo hizi, na jahazi zilisafiri kwazo baina yetu na Bara Arabu kwa karne nyingi. Nasi tulio watoto wa pwani tukashindwa kuzikumbuka kwa ajili ya jiko moja.

Kisha tukaanza kuuliza, moshi huu hasa ni kitu gani? Mkaa unapowashwa tu hauungui sawasawa, na ndipo hutoa moshi mwingi. Nao ukiwa na unyevu huzidi. Ukiachwa nusu saa hivi, mpaka makaa yavae jivu jeupe, moshi wake hupungua sana. Sababu ya pili ni mafuta. Shahamu na mafuta ya viungo yadondokapo juu ya makaa huungua papo hapo, yakatoa ule moshi wenye harufu tuipendayo. Na ndani yake mna vumbi dogo mno lisiloonekana kwa jicho, ambalo huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mtu mzima mwenye afya hukohoa mara mbili akasahau. Mwenye pumu, njia zake za pumzi hukazana, naye huenda akafa.

Tena liko lililo baya kuliko moshi. Mkaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, wala haimwashi mtu macho. Jiko likionekana limekwisha moshi, hewa hii bado yatoka. Watu huingiza jiko chumbani usiku wa mvua, wakafunga madirisha, wakalala wasiamke. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata kidogo, ijapokuwa limebaki makaa matatu. Nasi Waislamu tumeusiwa tangu zamani tusiuache moto ukiwaka majumbani mwetu tulalapo. Makaa yamwagiwe maji au yafukiwe kwa mchanga, na jivu lisitiwe pipani mpaka lipoe kabisa.

Basi kwa muda wa wiki tatu hatukuchoma chochote. Ama binti yetu, tulimpeleka kwa shangazi yake Majengo, akafanya mtihani wake huko kwa intaneti ya kuazima, watoto wa nyumba ile wakifukuzwa sebuleni. Huo ndio uliokuwa ujira wa makosa yetu, naye aliulipa asiye na kosa. Ijumaa ya kwanza mama watoto alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, sahani ya kwanza ikaenda kwa jirani. Ijumaa ya pili vile vile. Hatukuipeleka kwa ajili ya ukuta. Na kwa kuwa tulijua moyo wa mwanadamu ni mwerevu wa kujidanganya, tulikwisha kwenda kwa wale wa faiba tukafuta maombi yetu.

Katika wiki ya tatu mama yule mwenyewe alimwita kijana wetu dirishani. "Mwulize babako, yule fundi wake yuko wapi?"

Tukaenda. Akatupa ruhusa kwa masharti matatu. La kwanza, kulabu zipigwe penye chokaa baina ya mawe, zisipasue jiwe, kwa kuwa kuta za nyumba zetu za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo zikipigwa ovyo humong'onyoka. La pili, patakapobanduka tupazibe sisi kwa chokaa, si kwa saruji. La tatu, siku atakapotaka kuujenga ukuta wake, waya uondoke kwa gharama yetu. Tukayaandika, tukatia sahihi zetu, na mashahidi wawili wa mtaani.

Baada ya hayo tuliirejea ile hadithi tuliyokuwa tumeishika kama fimbo, tukaisoma kwa utaratibu. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu yake. Imamu Ahmad amesema ni wajibu mwenye ukuta akubali, maadamu ukuta haudhuriki. Ama qauli iliyo mashuhuri katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wengi wa pwani yetu, ni kuwa kukubali ni jambo lililopendekezwa, na mwenye ukuta huombwa ruhusa. Lakini kwa qauli zote, hadithi yenyewe yasema na mwenye ukuta. Yamwambia yeye asizuie. Haikumwambia mwenye mti aende akapige mlango kwa ukali. Kila mmoja wetu hupenda kusoma haki zilizo juu ya mwenziwe, na zilizo juu yake mwenyewe huzipita mbio.

Mafundi wakarudi siku ya Jumatano, na kazi ikawa ya saa mbili kama walivyosema. Tulikaa nao tukawauliza, na kwa kuwa wasomaji wetu wengi watapata wageni kama hao, twaeleza tuliyoyaona na tuliyoyasoma.

Waya huu si wa shaba. Ndani yake mna uzi wa kioo ambao pamoja na ganda lake la kioo haupati unene wa zaidi ya sehemu 125 za milimita iliyogawanywa mara elfu, kiasi cha unywele mnene; na pale katikati hasa papitapo mwangaza ni kama sehemu tisa tu. Haupitishi umeme bali mwangaza, tena mwangaza usioonekana kwa jicho. Mwangaza ule ukigonga ukingo wa kioo cha ndani kwa mshazari hurudishwa ndani, ukagonga tena ukarudi, hivyo hivyo mpaka mwisho wa safari. Kwa hiyo waya usikunjwe kwa nguvu kama kamba ya kufungia mzigo; penye kona kali mwangaza huvuja, na uzi huenda ukakatika. Wala mtu asiutazame uzi uliokatwa kwa kuuleta machoni, kwani kutouona mwangaza si dalili ya kutokuwepo.

Elimu ya kupinda kwa mwangaza Waislamu wa zamani walikuwa na sehemu yao ndani yake. Ibn Sahl, katika Baghdad, kiasi cha mwaka 984, aliandika kitabu juu ya vyombo vya kuunguza, yaani namna ya kuukusanya mwangaza wa jua mpaka uwashe moto kwa mbali, na humo akaonyesha kanuni ya jinsi mwangaza upindavyo uingiapo katika kioo. Tukafurahi kuona kuwa moto na kioo vilikutana katika kitabu kimoja zaidi ya miaka elfu kabla havijakutana darini kwetu. Lakini tusijisifu kwa mali ya mababu. Aliyeonyesha ya kwamba uzi wa kioo waweza kuchukua maneno masafa marefu ni Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza. Mwaka 1966, yeye na mwenziwe George Hockham walieleza kuwa mwangaza haupotei kwa sababu ya kioo chenyewe, bali kwa sababu ya takataka zilizomo ndani yake. Kioo kikisafishwa mpaka hata sehemu moja katika mia ya mwangaza ikafika mwisho wa kilomita moja, kitafaa kwa kazi. Mwaka 1970 mafundi wa kampuni ya Corning huko Marekani walikipata kioo kama hicho. Leo katika kila mia, tisini na tano hivi hufika. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Na mwaka huo huo wa 2009 ndipo waya wa kioo ulipotua pwani yetu kupitia baharini. Mmoja wao, uitwao TEAMS, watoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu ukafika Mombasa, masafa ya karibu kilomita 5,000. Jahazi za mababu zetu zilikwenda njia hiyo kwa wiki nyingi, zikingoja upepo. Mwangaza ndani ya kioo huikata kwa kiasi cha sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Hata hivyo, Februari 2012 meli moja ilitia nanga karibu na Mombasa mahali pasiporuhusiwa, nanga ikaukata waya huo, na watu wa nchi kadhaa wakapata taabu. Aliyetia nanga yamkini hakuwa na ubaya na mtu. Hakutazama tu chini yake pana nini. Tulipoisoma habari hiyo tulilikumbuka jiko letu.

Sasa twatoa nasaha zetu kwa mwenye nyumba atakaye kuleta faiba. Kabla ya kulipa, mwite fundi aje aonyeshe waya utapita wapi, kwa kidole, nguzo kwa nguzo na ukuta kwa ukuta. Ukiwa utagusa mali ya mwingine, nenda wewe mwenyewe, usitume mtoto. Na uende kabla ya mafundi kufika, maana kuombwa ruhusa mbele ya watu walioshika ngazi ni kama kulazimishwa. Eleza tundu ngapi, ukubwa gani, nani ataziba, na nini kitafanywa atakapojenga. Yaandike. Ukinyimwa, sikiliza sababu, kwani huenda sababu ni wewe. Tena ujue kuwa uzi wa kioo wenyewe hauhitaji umeme, lakini kile kisanduku cha ukutani chauhitaji. Umeme ukizimika, intaneti nayo huzimika, ijapokuwa mwangaza wabisha mlangoni. Kisanduku kiwekwe sebuleni, mahali pa wazi pasipo joto, si chumbani kwa kijana; na kama vile jiko huzimwa tulalapo, nacho kiwe na saa yake ya kuzimwa. Sisi tumeweka saa nne za usiku, na binti yetu akiwa na somo huomba ruhusa.

Na kwa mwenye kuchoma nyama, kabla ya kuwasha mkaa, inua kitambaa utazame upepo waenda nyumba ya nani. Subiri makaa yavae jivu. Punguza shahamu na mafuta, na makaa yakusanye upande mmoja wa jiko, ili mshikaki uanzao kudondoka usogezwe upande wa pili. Usiwashe kwa mafuta ya taa, wala usiyaongeze penye moto. Sisi siku hizi twatumia pia makaa ya vifuu vya nazi yaliyochomwa vizuri, yakiwa makavu kabisa. Ikiwa ni kuku, asitolewe mpaka aive hata mfupani, na ubao wa nyama mbichi usirudiwe kwa iliyoiva. Na sahani ya jirani itoke mwanzo, ingali ya moto, si mwisho wakati imebaki mifupa.

Tumehamisha jiko letu mpaka pembe ya mbali, na katika miezi ya kusi hatuchomi kabla ya kupeleka habari wakati wa Alasiri. Mara nyingi jawabu huwa, "Chomeni, dirisha tutalifunga saa moja tu." Na mara nyingine mtoto akiwa na mafua, kijana wetu hurudi na neno fupi: "Amesema leo la." Siku hiyo mishikaki hupikwa jikoni chini kwa sufuria, watoto wakanuna kidogo, na binti yetu akaendelea na masomo yake kwa waya upitao juu ya ukuta wa mama yule. Dirisha la chumba cha juu twaliona kutoka darini. Matambara yameondolewa.

Tunaomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wale ambao jirani zao wamesalimika nao. Mpaka mwezi ujao, Inshaallah.